Shajara ya albamu: gitaa moja, waimbaji wanne wa kualikwa

Januari, tunapanga

Albamu itakuwa na nyimbo tisa za jazi laini. Tano ni za gitaa na bendi, nne zitakuwa na waimbaji wa kualikwa. Mgawanyo huo umeleta ubishi mrefu kati yangu, mwenye gitaa, na mpiga kinanda, ambaye ndiye prodyuza. Yeye anataka kila wimbo uwe na mtu anayeimba. Hoja yake ni kwamba msikilizaji hushika maneno kwanza, ala baadaye. Sipingi. Ila ukiweka mwimbaji kila wimbo, mwenye gitaa anageuka mpiga rithim katika albamu ya watu wengine, tofauti ikiwa tu kwamba picha ya jalada ni yake.

Nikamwekea mifano miwili. Breezin' ya mpiga gitaa George Benson, ya mwaka 1976, ina nyimbo sita na ameimba mmoja tu. Huo mmoja ukampa Grammy ya rekodi ya mwaka, na albamu ikashika namba moja kwenye chati za Billboard za pop, za R&B na za jazi. Winelight ya Grover Washington Jr., ya 1980, ni saksofoni mwanzo mwisho isipokuwa wimbo mmoja alioalikwa mwimbaji Bill Withers, na mwaka uliofuata wimbo huo ukafika nafasi ya pili kwenye chati kuu ya Marekani. Albamu zote mbili zimetumia sauti ya mtu kwa ubahili, na inapoingia unaisikia imeingia.

"Benson alijialika mwenyewe," prodyuza akanijibu. "Wewe unaimba?"

Siimbi. Tukabaki na nne.

Kuna jambo tumekubaliana ambalo mimi nalipa uzito kuliko hesabu ya nyimbo. Kabla wimbo haujaingia studio, juu ya karatasi ya chodi (chodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) iandikwe: mwimbaji anapoimba, gitaa linafanya nini? Jibu la "linajazia" halipokelewi. Wapiga gitaa tuna ugonjwa wa kuona kimya kama kiti kilichoachwa wazi: mwimbaji hajamaliza kuvuta pumzi, mtu ameshakaa na noti nane.

Humu nitawaita waimbaji kwa sauti zao, maana mikataba bado haijasainiwa: Alto (sauti ya chini ya kike), Tena (ya juu ya kiume), Soprano (ya juu ya kike), na Mzee, mwimbaji wa bendi wa siku nyingi ambaye sauti yake inaanzia kifuani.

Februari, kii

Wimbo wa pili niliuandika katika kii ya A maina, yaani noti A ndiyo nyumbani kwake. Sababu haikuwa ya kisomi. Uzi wa tano ukiachwa wazi unatoa A, hezi 110, na utangulizi wote ulisimama juu ya noti hiyo ikivuma huku vidole vikitembeza melodi kwenye nyuzi nyembamba. Alto alisikiliza demo, ile rekodi ya majaribio, akaimba kiitikio kidogo kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Kaka, hapa juu nitafika, lakini nitafika nikipiga kelele."

Kilele cha kiitikio kilikuwa E. Sauti yake inanoga kuanzia C iliyo chini ya hiyo, kwenda chini. Tukashusha wimbo nusutoni nne, yaani hatua nne ndogo kabisa za toni, ukawa F maina.

Kwa mpiga kinanda hilo ni jambo la kuhamisha mikono. Mpiga dramu hata hajui kama kuna kilichobadilika. Kwangu utangulizi ulikufa palepale, kwa sababu kati ya noti zinazotolewa na nyuzi zikiachwa wazi, E, A, D, G na B, iliyomo kwenye skeli (ngazi ya noti) ya F maina ni G peke yake. Nilifikiria kulegeza gitaa zima nusutoni nne. Nyuzi zangu ni za bapa, nene, seti ya 12, lakini hata hizo ukizilegeza kiasi hicho zinayumba na kila noti inaanza ikiwa juu kidogo kabla ya kutulia. Kwa jazi laini, ambako noti moja inaachwa ikae wazi mbele ya watu, hilo halivumiliki.

Dawa ikatoka kwenye ile G yenyewe. Ni uzi wa tatu, uko katikati ya gitaa, na katika chodi ya F maina noti hiyo ndiyo ya tisa, ile inayoipa chodi rangi ya jioni. Nikauacha uvume katikati, nikamwachia mpiga besi ile F ya chini, na melodi ikapita juu ya G badala ya kupita juu ya A. Utangulizi wa sasa una wasiwasi kidogo ambao ule wa kwanza haukuwa nao, na naupenda zaidi.

Kanuni imebandikwa ukutani: kwenye nyimbo za kuimbwa, kii ni ya mwimbaji. Kwenye zile tano, kii ni yangu na hakuna rufaa.

Tena aliomba wimbo wake upandishwe nusutoni mbili. Ukapandishwa, hapakuwa na hadithi.

Machi, mdundo

Dramu, besi na kinanda vya nyimbo zote tisa vimerekodiwa na watu walewale, chumba kilekile, dramu zikiwa zimefungwa vilevile. Kuna aliyeshauri kila mwimbaji aje na prodyuza wake ili kila wimbo uwe na ladha yake. Nimesikia albamu za namna hiyo. Ukifika wimbo wa nne unasahau albamu ni ya nani. Waimbaji wanne wanaleta tofauti ya kutosha. Kazi ya bendi hapa ni kutobadilika.

Wimbo wa polepole kuliko zote una mipigo 76 kwa dakika, wa haraka kuliko zote 98. Mpiga dramu anagonga ukingo wa ngoma ya snea kwenye beti na kuingia katikati ya ngozi kwenye kiitikio. Nilimwomba asiongeze kingine.

Kwenye nyimbo tano za ala, gitaa nililopiga pamoja na bendi ndilo litakalobaki. Kwenye nne za kuimbwa nimepiga la kuongozea tu, na faili zake zimeandikwa FUTA ili asije mtu akazipenda.

Aprili, Alto

Maneno kwanza. Melodi ya kiitikio niliitunga kwa gitaa, na gitaa halina silabi. Mstari wenye "nimekusubiri" ulikuwa unaangusha pigo la kwanza kwenye "su", wakati ulimi wa kila mtu unaegemea "bi". Ukiimba hivyo neno linasikika kama la mgeni aliyefika jana. Alto hakubadilisha neno. Alianza mstari nusu pigo mapema, "bi" ikatua mahali pake, na melodi nzima ikawa inaegemea mbele kwa namna ambayo isingenijia nikiwa na piki ya kupigia nyuzi mkononi. Kwa vile utangulizi unainukuu melodi hiyo, nao ukabidi usogee.

Tulitumia maikrofoni ya kondensa, Neumann U 87, yeye akisimama kiganja na nusu kutoka kwenye kichujio cha pumzi. Kabla hatujaanza akaomba gitaa litolewe kwenye hedifoni zake. Lile la kuongozea lilikuwa bado linapiga melodi ya zamani na likimvuta arudi kwenye "su". Tukamwachia besi, dramu na kinanda. Aliimba vizuri zaidi kuliko alivyowahi kuimba wimbo huu mazoezini, na prodyuza akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Baadaye tulikaa kuchagua vipande. Prodyuza hukata silabi kwa silabi. Mimi nataka mstari mzima utoke pasi moja, hata ukiwa na neno lililochubuka. Tukasuluhisha hivi: beti zibaki mistari mizima, kiitikio kikatwe atakavyo. Kiitikio kinajirudia, na msikilizaji akishakijua anaanza kukisahihisha.

Alto pia ameimba sauti ya pili kwenye wimbo wa Tena na kwenye wa Mzee. Hiyo ilikuwa mbinu ya makusudi. Ukiisikia sauti hiyohiyo kwenye nyimbo tatu tofauti, masikio yanakubali kwamba wote wako nyumba moja.

Mei, faili la Tena

Tena yuko mbali, kwa hiyo amerekodi kwenye studio ya huko aliko. Tulimtumia bendi bila gitaa, pamoja na kliki (mlio wa kushika mapigo) yenye baa mbili, yaani mafungu mawili ya mapigo, za kuhesabia mwanzoni, na maelekezo: faili la sauti la WAV, biti 24, kilohezi 48, lianze sifuri, lisiwe na rivabu (mwangwi wa kuongezwa) wala kurekebishwa toni.

Kilichorudi kilikuwa na rivabu, kimerekebishwa toni mpaka noti zimekuwa ngazi, na kimerekodiwa kwa kilohezi 44.1. Programu yetu ikakifungua bila kukibadilisha, na Tena akatoka akiimba kwa kasi, juu ya bendi kwa karibu nusutoni moja na nusu. Ni hesabu tu: sampuli 44,100 zilizokusudiwa kwa sekunde moja zinapochezwa kwa mwendo wa 48,000, wimbo unakimbia kwa asilimia kama tisa na toni inapanda nao. Hilo linatibika kwa kubadilisha faili vizuri. Rivabu haitibiki. Ikishaoka ndani ya sauti imeoka, na ukiweka gitaa kavu kando yake, mmoja yuko kanisani na mwingine yuko sebuleni.

Fundi wa huko alisema ameituma hivyo "ili isikike tayari". Tuliomba ile mbichi. Ikaja siku zikiwa zimepita, na ndani yake mlikuwa na mtu halisi: anavuta pumzi, anachelewa kidogo kwenye mstari wa tatu, noti ya mwisho inazama nukta tu kabla hajaikamata. Hiyo ndiyo tumetumia. Tangu hapo maelekezo yetu yanaanza na mstari mmoja kwa herufi kubwa: SAUTI MBICHI, HATA KAMA INAKUONEA AIBU.

Juni, Mzee

Mzee hakutaka kliki. Hakutaka pia kuimba wimbo vipande vipande. Alitaka asimame, bendi icheze, aimbe hadi mwisho, basi. Dramu zilikwisharekodiwa kwa kliki, kwa hiyo tulimchezea bendi kwenye spika ndogo badala ya hedifoni, maikrofoni ikiwa imezipa mgongo. Bendi inavuja kidogo kwenye sauti yake. Ukisikiliza kwa makini utaisikia, na mimi sitaisafisha.

Anaimba nyuma ya pigo. Si kuchelewa, anajua pigo liko wapi na analiacha litangulie. Kwenye mstari mrefu wa ubeti wa pili anaanza karibu pigo zima nyuma, halafu anazibana silabi tatu za mwisho na kufika pamoja na besi.

Alipomaliza nikamchezea na gitaa la kuongozea lilivyokuwa, nione anasemaje.

"Kijana, hili gitaa ni lako?"

"Ni langu, Mzee."

"Zuri. Sasa hapa ninapoimba, linamwambia nani?"

Nikamweleza kwamba linamjibu yeye.

"Mimi sijamaliza kusema, linanijibu nini?"

Karatasi ya chodi ilikuwa na maelezo ya nusu ukurasa kuhusu kazi ya gitaa katika ubeti huo. Nimeyafuta, nikaandika: hakuna. Beti zote mbili za wimbo wa Mzee ni besi, dramu, kinanda na yeye. Gitaa linaingia baada ya kiitikio cha pili, na hapo lina baa nane zake peke yake.

Julai, gitaa

Ndiyo, kwenye nyimbo za kuimbwa gitaa limerekodiwa mwisho. Kawaida ni kinyume: ala zote zinakamilika, mwimbaji anakuja juu yake kama anavaa suti iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Nimetaka nione kinachotokea gitaa likisubiri.

Vyombo ni vichache. Gitaa lenye mwili mtupu na tumbo la kuvimba, pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) aina ya hambaka karibu na shingo, kitufe cha toni kimefungwa hadi katikati. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover pale Gibson mwaka 1955: koili mbili zinazofuta mvumo wa umeme wa kila mmoja, na katika kufuta huko zinapunguza makali ya juu. Ule uduara ambao watu wanauita sauti ya jazi umetokana kwa sehemu kubwa na dawa ya kelele. Amplifaya haina upotoshaji wowote. Maikrofoni moja iko kwenye ukingo wa spika, si katikati, na laini nyingine inatoka kwenye gitaa moja kwa moja kwenda kwenye mashine, kwa tahadhari.

Mwili mtupu una tabia yake: ukipandisha sauti unaanza kulia wenyewe, hasa kwenye noti chache za chini ambazo mbao inazipenda. Nilikaa pembeni ya amplifaya badala ya mbele yake, nikaweka kitambaa kwenye matundu mawili ya mbele, ukatulia.

Baa nane za wimbo wa Mzee ndizo zilizokula muda. Nilizianza kwa mistari ya noti moja moja na kila nilichopiga kilisikika kama mtu anayejieleza. Nikaweka piki chini, nikapiga kwa dole gumba, kwa oktava, yaani noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja. Njia hiyo ni ya Wes Montgomery, na mpiga gitaa yeyote wa jazi laini anadaiwa naye. Albamu alizofanya na prodyuza Creed Taylor miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla ya kufariki 1968, ndizo zilizoonyesha kwamba melodi fupi iliyopigwa kwa oktava inaweza kusimama mahali pa mwimbaji.

Oktava ina gharama zake. Kidole cha shahada kiko kwenye uzi wa chini, cha nne kiko nyuzi mbili juu yake, na uzi wa katikati lazima unyamazishwe kwa nyama ya kidole cha shahada, la sivyo dole gumba likipita litauamsha. Kwenye uzi wa sita na wa nne, vidole vinaachana freti mbili (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa). Ukihamia wa nne na wa pili, freti tatu, kwa sababu ya jinsi uzi wa pili unavyotuniwa. Mkono unapanuka na kubana kila melodi inapovuka katikati ya gitaa, na hiyo inakuzuia usikimbie. Huwezi kumwaga noti. Unachagua moja, unaifikia, unaiacha. Nadhani ndiyo maana inafanana na kuimba kuliko mbinu nyingine yoyote ya gitaa: mkono umechoka mahali ambapo mwimbaji angekata pumzi.

Solo iliyobaki ina noti chache mno kwa baa nane, na ya kwanza haiji kwenye baa ya kwanza. Prodyuza aliuliza kama nilikuwa nimesinzia.

Kwenye wimbo wa Alto gitaa lina utangulizi wake wenye G, halafu kwenye beti linapiga chodi za nyuzi tatu tu, kimya kimya, kwenye pigo la pili na la nne. Majibu yako mawili kwenye wimbo mzima, yote baada ya neno kumalizika. Kwa Tena nimepiga mfululizo wa rithim wa kunyamazishwa kwa kiganja na solo ya kawaida. Imekaa vizuri, sina la ziada.

Julai mwishoni, Soprano

Wimbo wake hauna maneno. Ni melodi ya gitaa, naye anaiimba pamoja nalo, noti kwa noti, kwa silabi anazojichagulia. Benson huifanya peke yake, anaimba anachopiga. Ukiifanya kwa watu wawili inakuwa mtihani mwingine, kwa sababu hawana ubongo mmoja.

Hapa gitaa lilitangulia, ni wimbo pekee kati ya minne ulioenda hivyo. Shida ya kwanza ilikuwa toni. Freti zinaniwekea noti mahali pamoja. Mwimbaji mwenye sikio zuri huzisogeza, noti ya saba anaivuta juu kidogo ielekee nyumbani. Peke yake inapendeza. Juu ya gitaa inapiga mawimbi, unasikia zile noti mbili zikipigana. Shida ya pili ilikuwa mtetemo wa sauti yake, ambao ni mzuri na mpana, dhidi ya gitaa ambalo noti yake inanyooka na kufa.

Tulijaribu kumwomba aimbe bila kutetemesha kabisa, ikawa kama filimbi ya mashine. Kilichofanya kazi ni kulishusha gitaa oktava moja chini yake. Zikiachana oktava, tofauti ndogo za toni zinasameheka, na mtetemo wake unasikika kama unatoka kwenye noti yangu. Anaanza kila noti ikiwa imenyooka, na kuitetemesha gitaa linapoanza kufifia. Yeye ndiye aliyeona kwamba gitaa linaishiwa kabla yake, akaamua kuzimalizia noti zangu. Mahali pale panapofifia, hujui ni nani anayeendelea.

Sauti hii isiyo na neno hata moja ndiyo imenipa picha ya albamu nzima, na ilikuwa ya mwisho kurekodiwa.

Agosti, karatasi

Haya hayafurahishi lakini yasipofanywa sasa yatafanywa na mawakili. Kila wimbo una karatasi ya mgao iliyosainiwa na wote walioutunga, ikionyesha asilimia za melodi na maneno. Alto ameingia kama mtunzi mwenza wa wimbo wake, kwa sababu kusogeza melodi ya kiitikio ni kutunga. Mzee hakutunga, ameimba. Malipo yake ni ya kazi, pamoja na haki za msanii mtendaji, ambazo ni kitu tofauti na haki za mtunzi na zimetambuliwa kimataifa tangu Mkataba wa Roma wa 1961. Soprano tulibishana naye kwa upole: melodi ni yangu, silabi ni zake. Nimempa sehemu ndogo ya utunzi. Prodyuza anaona nimekuwa mkarimu kupita kiasi. Mimi naona zile noti alizonimalizia ni zake.

Kila rekodi inapata ISRC yake, namba ya kimataifa ya kuitambulisha, herufi na tarakimu 12. Wimbo wa Alto utatoka pia bila sauti, kwa ajili ya redio zinazotaka muziki wa kuweka chini ya mtangazaji, na toleo hilo ni rekodi nyingine, linahitaji namba nyingine. Ukitumia ileile, malipo ya Alto na ya toleo lisilo naye yatachanganyika na hakuna atakayeyatenganisha.

Na majina: kwenye faili, waimbaji wanaingizwa kwenye sehemu ya msanii mshirikishwa, si ndani ya jina la wimbo. Ukiandika "akimshirikisha fulani" kwenye jina la wimbo, ukurasa wake yeye kwenye majukwaa hautaujua wimbo huo kabisa.

Septemba, miksi

Gitaa lenye hambaka na sauti ya mtu wanagombea sehemu ileile. Chini, kati ya hezi 200 na 400, wote wawili wana mwili. Wakijazana pale wimbo unakuwa na tope. Juu, kati ya kilohezi moja na nne, ndipo konsonanti zinapoeleweka, na ndipo kucha ya piki inaposikika pia. Mhandisi wa sauti alikuja na ekolaiza yake, kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu fulani za sauti, tayari kuchonga. Kwa Alto na Mzee akakuta hana cha kuchonga, kwa sababu pale wanapoimba gitaa ama halipo ama linapiga nyuzi tatu. Kwa Tena alilazimika: rithim yangu ilikuwa inapita katikati ya maneno, akaipunguza desibeli mbili kila Tena anapofungua mdomo, kwa kompresa, kifaa cha kubana sauti, inayoamrishwa na sauti ya Tena. Haisikiki kama hila, lakini ni wimbo pekee uliohitaji hila, na ni wimbo pekee ambao karatasi yake ya chodi tuliijaza haraka haraka.

Gitaa liko kushoto kidogo, kinanda kulia kidogo, mwimbaji katikati. Kwenye nyimbo za ala gitaa linahamia katikati, mahali pa mwimbaji. Hivyo ukisikiliza mfululizo, kile kiti cha katikati hakikai bila mtu, na hakikaliwi na wawili. Isipokuwa kwa Soprano. Pale tumewaweka wote wawili katikati, na mhandisi amekubali baada ya kulalamika.

Watu wanaobeza jazi laini kuwa ni muziki wa lifti wana hoja moja ya kweli: rivabu nyingi. Tumetumia moja fupi kwa wote, na ndefu kwenye noti za mwisho za mistari tu.

Oktoba, masta na mpangilio

Masta, rekodi ya mwisho ya kusambazwa, imetoka na nafasi ya desibeli moja juu ya kilele, bila kubanwa sana. Majukwaa kama Spotify husawazisha sauti kwenye LUFS -14 hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti); ukiibana albamu ili iwe na kelele, wao wanaishusha tu, na wewe umebaki na dramu zilizopondwa bila faida.

Mpangilio wa nyimbo tumeupanga kwa kufikiria santuri, hata kama wengi watasikiliza kwa simu. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33 kwa dakika unabeba dakika kama 20 kwa ubora, na kadiri sindano inavyokaribia katikati, mfereji wa mzunguko mmoja unazidi kuwa mfupi na sauti za juu zinachafuka, hasa "s" na "sh" za waimbaji. Wimbo wa Alto umejaa "s" kila mstari, kwa hiyo umewekwa wa pili upande wa kwanza, mbali na kitovu. Upande wa kwanza unafungwa na wimbo wa gitaa tupu, wa polepole. Wa pili unafungwa na Soprano, ambaye silabi zake nyingi ni "la" na "na", hakuna kinachochafuka. Tena anafungua upande wa pili. Mzee yuko katikati ya upande huo, na kabla yake nimeweka wimbo wa ala ulio na gitaa jingi kuliko zote, ili linaponyamaza mtu alikose.

Uliobaki ulikuwa ubishi wa wimbo upi utangulie kutoka peke yake. Prodyuza alimtaka Alto, na wote waliosikia masta wamesema Alto. Mimi nimemchagua Mzee. "Wimbo wa kwanza wa mpiga gitaa," prodyuza amesema, "na gitaa halisikiki mpaka dakika ya pili na nusu." Nimemwambia ndivyo ulivyo. Amenitaka niandike kwa mkono wangu kwamba toleo la redio halitakatwa mwanzo ili kulifikia solo mapema. Nimeandika, nimesaini, na faili zimekwenda kwa msambazaji leo mchana.